Kijiwe cha Ghorofa ya 12

Timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa niliifahamu kwanza kupitia kioo, nikiwa juu kuliko jukwaa la juu kabisa la uwanja wake, bila kusikia hata sauti moja. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Septemba 2023. Mwanangu, aliyekuwa na umri wa miaka 9, alikuwa katika siku yake ya nne ya kulazwa katika hospitali ya watoto ya chuo hicho mjini Iowa City, kwa maumivu ya selimundu yaliyofuatiwa na homa ya kifua. Muuguzi alikuja kutuambia kwamba daktari ameridhia tumpandishe mtoto kwa kiti cha magurudumu, pamoja na dripu yake, hadi ghorofa ya 12, ambako kuna sebule kubwa inayotazama moja kwa moja ndani ya Uwanja wa Kinnick. Majengo hayo mawili yameelekeana kama nyumba za majirani. Sikukubali kwa ajili ya mpira. Nilikubali kwa sababu mtoto alikuwa hajatabasamu tangu Jumatano.

Mimi nimekulia Temeke, ambako mtu huulizwa timu yake kabla ya kuulizwa kabila lake. Kabla ya kuhamia Marekani mwaka 2019, jioni zangu nyingi zilikwisha kijiweni, tukibishana juu ya Simba na Yanga, nani apangwe, nani auzwe, kocha gani ameishiwa. Nilijihesabu kuwa mjuzi wa mpira. Nilipofika Iowa niliuona mchezo wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki kuwa ni vurugu ya watu wanaosukumana sekunde 5 na kusimama dakika nzima, na kwa miaka minne niliishi kilomita chache kutoka uwanjani huku siku za mechi zikiwa kwangu ni siku za foleni tu za magari njiani kwenda kazini. Kuna watu wengi wa Afrika Mashariki na wa Kongo katika mji huu na katika mji jirani wa Coralville, na wengi wetu tuliishi hivyo hivyo, tukiuzunguka uwanja kama mtu anayezunguka nyumba yenye sherehe asiyoalikwa.

Siku ile, pale juu, palikuwa na familia nyingi. Watoto wengine walikuwa na mirija puani, wengine hawakuwa na nywele, na karibu wote walivaa nyeusi na njano, rangi za timu. Chini yetu watu zaidi ya 69,000 walikuwa wamejaa majukwaani, nao pia wamevaa nyeusi na njano. Robo ya kwanza ya mchezo ilipomalizika, umati wote ule uliacha kuutazama uwanja ukageuka kututazama sisi. Mashabiki waliinua mikono wakapunga. Wachezaji wa timu zote mbili walisimama wakapunga. Waamuzi walipunga. Mwanangu aliniuliza, "Baba, wanampungia nani?" Nikamwambia wanawapungia ninyi. Alinyamaza, kisha akainua mkono ule usio na sindano, akautikisa taratibu, na nikaona kwamba anatabasamu.

Desturi hiyo ilianza mwezi Septemba 2017, mwaka ule ule hospitali hiyo ilipofunguliwa, baada ya shabiki mmoja wa kawaida kutoa wazo hilo mtandaoni, na tangu hapo haijaachwa. Nimeshuhudia shangwe kubwa Uwanja wa Mkapa, siku ambazo zege lilitetemeka chini ya miguu yetu, na sitazidharau kamwe. Lakini sikuwahi kuona uwanja uliojaa ukisahau matokeo kwa dakika nzima.

Aliyenifundisha mchezo wenyewe alikuwa mkulima mmoja mzee, mwenye viganja vipana na kofia iliyofifia rangi, ambaye mjukuu wake wa kike alikuwa akitibiwa saratani ya damu. Nilimwita Mzee, na nilipomweleza maana ya neno hilo kwetu alilipenda, akawa anaitika. Alinikuta nikitazama pasipo kuelewa, akavuta sinia la chakula la mwanangu, akapanga paketi za maziwa safu mbili zinazotazamana, na kuanza somo. Timu yenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10. Ikizipata, hesabu inaanza upya. Isipozipata, mpira unachukuliwa na wapinzani pale pale ulipokwama. Kwa sababu hiyo, timu iliyokwama baada ya jaribio la tatu mara nyingi huona heri iupige mpira teke la mbali, ili wapinzani waanze safari yao wakiwa karibu na mstari wao wenyewe. "Wewe unamtazama mwenye mpira," aliniambia. "Usimtazame. Tazama hawa." Akagusa paketi 5 za katikati, zile za ukuta unaomlinda kwotabeki, yule anayerusha mpira. "Hawa wakianguka, hata malaika hawezi kurusha mpira."

Sentensi hiyo ilinifungulia macho. Katika soka nilizoea kuufuata mpira, kisha kumsifu au kumlaumu aliyeugusa mwisho. Hapa nililazimika kuwatazama vijana 5 wakubwa ambao kwa kawaida hawagusi mpira kabisa, ambao jina lao hutajwa pale tu wanapokosea, na ambao bila wao hakuna anayesifiwa.

Kwa bahati, au tuseme kwa bahati mbaya, nilikuwa nimejiunga na kijiwe hicho katika msimu ambao mashabiki wa Iowa hawakuwa na mada nyingine zaidi ya udhaifu wa safu yao ya ushambuliaji. Ulinzi wao ulikuwa miongoni mwa bora nchini. Kufunga ndiko kulikowashinda. Mwaka uliotangulia, 2022, walimaliza na wastani wa pointi 17.7 kwa mechi, na wazazi wa ghorofa ya 12 walinisimulia kama watu wanaosimulia mwaka wa njaa jinsi walivyofungua msimu huo kwa kuifunga South Dakota State 7 kwa 3 bila kupata hata tachidauni moja, yaani bao la kuufikisha mpira hadi mwisho wa uwanja. Pointi 3 zilitokana na teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, na 4 zilizobaki zilipatikana baada ya ulinzi kuwaangusha wapinzani mara mbili ndani ya eneo lao la mwisho, kila mara pointi 2. Timu ilishinda kwa pointi ambazo nyingi zake zililetwa na watu ambao kazi yao ni kuzuia.

Mratibu wa mashambulizi alikuwa Brian Ferentz, mtoto wa kocha mkuu Kirk Ferentz, ambaye ameiongoza timu tangu 1999. Mwanzoni mwa 2023 mkataba wa Brian uliandikwa upya. Mshahara wake ulipunguzwa kutoka dola 900,000 hadi 850,000, na likawekwa sharti kwamba timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi na kushinda mechi zisizopungua 7. Pointi zote zilihesabika, hata zile zitakazofungwa na walinzi. Kwa hiyo kila bao lilikuwa na maana mbili, na nilishangaa kuona watu wazima wakipiga hesabu kwenye karatasi za kufutia mikono. Jumamosi ile Iowa iliifunga Western Michigan 41 kwa 10, na vijana wakafurahi kwamba wastani umepanda. Mzee hakufurahi. "Msimpime ng'ombe siku aliyokunywa maji," alisema. Jumamosi iliyofuata, ugenini kwa Penn State, timu ilifungwa 31 kwa 0.

Pale hospitalini palikuwa pia na kaka mmoja wa Bukavu aliyekuwa akifanya usafi zamu ya jioni. Yeye alikuwa ameishi mjini muda mrefu kuliko mimi na alikuwa amekwisha kuwa shabiki wa kweli. Akipita na toroli lake alisimama nusu dakika, akatazama dirishani, akatoa hukumu kwa Kiswahili chao kitamu: "Kaka, hawa batoto banajua kulinda tu. Kufunga habajuwe." Kisha akaendelea na kazi. Sijasikia uchambuzi mfupi na sahihi zaidi wa timu ile.

Mchezaji aliyependwa kuliko wote katika timu hiyo isiyofunga alikuwa mpiga mateke. Tory Taylor alitoka Melbourne, Australia, akafika Iowa mwaka 2020 akiwa na miaka 23, bila kuwahi kucheza mechi ya mchezo huu. Teke lake lilikuwa refu, lakini urefu haukuwa ndio ufundi. Ufundi ulikuwa kuutua mpira karibu kabisa na mstari wa wapinzani bila kuuvuka, uishie yadi ya 5, ya 4, ya 2, mahali ambapo timu yoyote huanza mashambulizi ikiwa na hofu. Mashabiki walivaa fulana zilizosema kwamba kupiga teke ndiko kushinda, na mwanzoni nilidhani wanajifariji. Mzee alinisahihisha. Alinionyesha kwamba kila teke la Taylor ni sawa na kumhamisha adui yadi 40 au 50 nyuma na kuwakabidhi walinzi kazi wanayoiweza. Mwisho wa msimu huo Taylor alikuwa amepiga jumla ya yadi 4,479, akaivunja rekodi iliyodumu tangu 1938. Nilimpenda kwa sababu nyingine pia. Alikuwa mgeni aliyejifunza mchezo wa watu akiwa mtu mzima, na hakuna aliyemwambia amechelewa.

Usiku wa tarehe 30 Septemba tulikuwa bado tumelazwa, na Michigan State walikuja. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uwanja chini ya taa. Wakati wa kupunga mikono ulipofika mashabiki waliwasha tochi za simu, na bonde lote lile likawa kama ziwa usiku wavuvi wa dagaa wanapowasha karabai. Mwanangu, ambaye hajawahi kuiona Mwanza, aliniuliza kwa nini ninalia. Nikamwambia nimekumbuka nyumbani kwa bibi yake.

Kuna jambo moja la pale juu ambalo mtu aliyekaa uwanjani halijui. Sebuleni palikuwa na televisheni, na picha ya televisheni huchelewa sekunde kadhaa nyuma ya tukio lenyewe. Kioo nacho kilizuia sauti. Kwa hiyo tuliona shangwe kabla ya kuona sababu yake. Maelfu ya mikono iliruka juu chini yetu, kimya kimya, na ndipo tukageukia skrini kungoja tuone ni nini kimetokea. Watoto walijifunza kubashiri. Mikono ikiruka upande wa mashariki kabla ya upande wa magharibi, mwanangu alidai, mpira unaelekea kusini. Hakuwa sahihi kila mara, lakini alikuwa anafikiri juu ya kitu kingine kisichokuwa maumivu, na hilo lilinitosha.

Mchezo ule ulikuwa sawa, 16 kwa 16, katika robo ya mwisho. Mikono iliruka kwanza upande mmoja wa uwanja, kisha ikafuata mzunguko wote kama upepo unaopita kwenye shamba la mahindi. Tukageukia televisheni tukamwona Cooper DeJean, beki mwenye asili ya mji mdogo wa Odebolt humu humu Iowa, akiudaka mpira uliopigwa teke na kukimbia yadi 70 hadi mwisho. Iowa ilishinda 26 kwa 16. Bao lililoamua mchezo lilikuwa, kwa mara nyingine, la mtu wa ulinzi.

Lakini usiku huo huo kwotabeki Cade McNamara, aliyehamia kutoka Michigan na ambaye matumaini yote ya ushambuliaji yaliwekwa juu yake, aliumia goti na msimu wake ukaishia hapo. Kijana wa akiba akaingia. Mipira yake kadhaa ya kwanza ilikwenda mrama, na baba mmoja sebuleni, mtu mwema ambaye mchana wake wote alikuwa akimsomea binti yake hadithi, alitamka juu ya kijana yule neno ambalo sitaliandika. Wengine wakacheka. Mzee hakugeuka. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, "Huyo ana mtihani Jumatatu."

Maneno hayo yalinirudisha mbali. Miaka mingi iliyopita, katika mechi moja ya ligi jijini Dar es Salaam, beki mmoja chipukizi wa timu niliyokuwa nikiishangilia alitoa pasi fupi iliyozaa bao la wapinzani. Tulimzomea. Mimi nilikuwa miongoni mwa wenye sauti kubwa, na matusi yangu yalikuwa na ufundi, watu walinigeukia wakanipongeza. Safu mbili mbele yangu mwanamke mmoja alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akapita katikati ya magoti ya watu na kutoka. Jirani yangu aliniambia kuwa yule ni mama wa kijana. Niliendelea kutazama mechi. Nilitafuta namna ya kujiambia kwamba mchezaji analipwa, kwamba mpira ni wa wanaume, kwamba mama angebaki nyumbani. Miaka yote hiyo nilikuwa sijapata kumsimulia mtu habari hiyo, na nilimsimulia Mzee usiku ule, baada ya watoto kurudishwa vitandani, tukinywa kahawa dhaifu ya mashine. Hakunihukumu. Alisema kwamba yeye naye, kijana wake alipokuwa akicheza katika sekondari ya mji wao, aliwahi kukaa jukwaani akimsikia mtu nyuma yake akimtukana mwanawe, na mtu huyo alikuwa mteja wake wa mahindi.

Tangu siku hiyo nilianza kuwasikiliza mashabiki kwa sikio jingine. Niligundua kwamba ubishi mzuri na ubishi mbaya hautofautiani kwa ukali. Mzee alikuwa mkali sana. Angeweza kukueleza kwa dakika 20 kwa nini mpango wa mashambulizi wa Iowa umepitwa na wakati, kwa nini mipira mifupi ya kurushwa pembeni inajulikana na kila mpinzani kabla haijarushwa, kwa nini ukuta wa kulia unachelewa kugeuza miguu. Lakini hukumu yake ilikuwa daima juu ya jambo lililofanyika, na ilikwenda juu, kwa watu wazima waliolipwa ili kupanga, kabla ya kushuka kwa vijana wa miaka 19 au 20. Mtu anayesema "huyu hafai" amemaliza mazungumzo. Anayesema "huyu amesimama upande usiofaa" ameyaanzisha, na jirani yake atasogeza kiti ili amjibu.

Tulitoka hospitalini mapema mwezi Oktoba na tukarudi tarehe 19, kifua kile kile. Kwa hiyo tulikuwepo tarehe 21, Minnesota walipokuja. Ni muhimu nieleze uzito wa mechi hiyo. Timu hizi mbili hugombea sanamu ya shaba ya nguruwe anayeitwa Floyd wa Rosedale. Mwaka 1935 magavana wa majimbo hayo, Clyde Herring wa Iowa na Floyd Olson wa Minnesota, waliwekeana dau la nguruwe ili kupoza hasira za mashabiki zilizotaka kuvuka mipaka. Iowa ilishindwa, na gavana wake akalipa nguruwe halisi. Niliposikia mwaka huo nilimwambia Mzee kwamba ndio mwaka Yanga ilipozaliwa, na Simba mwaka mmoja baadaye, na kwamba sisi nasi tuna neno kwa mahasimu wa aina hiyo, watani wa jadi. Alilipenda neno hilo pia. Alisema kwa Kiingereza hakuna neno linalobeba uhasama na undugu kwa pamoja namna hiyo.

Iowa ilipata yadi 127 tu katika mchezo mzima ule. Bado, zikiwa zimesalia kama dakika moja na nusu, na Minnesota wakiongoza 12 kwa 10, DeJean aliuokota mpira wa teke karibu na mstari wa pembeni, akawakwepa watu ambao sikuamini kwamba wangeweza kukwepwa, akakimbia hadi mwisho. Mikono chini yetu ilirushwa juu kama siku ile ya taa. Watoto walipiga kelele. Mwanangu alinishika shingo. Kisha tuliona mikono ikishuka taratibu, upande kwa upande, na ndani ya televisheni waamuzi walikuwa wakitazama marudio. Waliamua kwamba kabla ya kuuokota mpira DeJean aliupunga mkono wake wa kushoto kwa namna inayohesabiwa kuwa ishara ya kudaka, na aliyetoa ishara hiyo haruhusiwi kuusogeza mpira mbele. Bao lilifutwa. Minnesota waliondoka na nguruwe, mara yao ya kwanza kushinda katika uwanja ule tangu 1999.

Ubishi wa siku ile haukwisha hadi leo, na sioni kwa nini uishe. Nimeisoma kanuni, na nakiri kwamba kwa maandishi waamuzi walikuwa na pa kusimama. Lakini mtu anayekimbiza mpira unaodunda hutandaza mkono ili asianguke na ili kuwaonya wenzake wakae mbali, na hakuna mchezaji hata mmoja wa Minnesota niliyemwona akisimama kwa kudhani mchezo umekwisha. Mzee alikuwa na hoja nyingine, ambayo iliwaudhi wengi sebuleni. Alisema timu yenye yadi 127 haina haki ya kumlilia mwamuzi. Baba mmoja alimjibu kwamba dhuluma ni dhuluma hata kwa masikini. Wote wawili walikuwa wamesimama. Nilingoja ugomvi, kama ambavyo ungetokea kijiweni kwetu, na haukutokea, kwa sababu wakati huo huo mjukuu wa Mzee aliomba maji na wote wawili walikwenda kuyaleta.

Tarehe 30 Oktoba ilitangazwa kwamba Brian Ferentz hatakuwa mratibu wa mashambulizi baada ya msimu huo. Nilitarajia kijiwe kishangilie. Wapo waliofurahi, na hoja zao zilikuwa na uzito: katika kazi ya umma mtoto asipewe nafasi ambayo mgeni mwenye matokeo kama yake angekuwa amekwisha kuipoteza. Mimi nimetoka katika nchi ambayo tunaujua vizuri undugu makazini na hasara zake, na niliunga mkono hoja hiyo, na bado naiunga. Lakini nilikuwa nimeketi katika jengo ambalo ndani yake kila baba na kila mama alikuwa akifanya lolote liwezekanalo kwa ajili ya mtoto wake, na sikuweza kumcheka Kirk Ferentz kwa kumwamini wa kwake kupita kiasi. Mzee hakuchangia siku hiyo. Aliniuliza tu hesabu za damu za mwanangu zimefikia wapi.

Novemba tuliitazama tukiwa nyumbani. Timu iliendelea na mwendo wake ule ule, ikishinda kwa pointi chache na mateke marefu. Dhidi ya Illinois, tarehe 18, bila DeJean aliyevunjika mguu mazoezini wiki hiyo, Kaleb Johnson alikimbia yadi 30 katika robo ya mwisho na kuwapa ushindi wa 15 kwa 13 pamoja na ubingwa wa kanda ya magharibi ya ligi yao. Kisha fainali ikapotea 26 kwa 0 mbele ya Michigan, na mechi ya mwaka mpya 35 kwa 0 mbele ya Tennessee. Ushindi 10, vipigo 4, wastani wa pointi 15.4. Sijui timu nyingine iliyoshinda mara nyingi hivyo kwa kufunga kidogo kiasi hicho, na sikuipenda pungufu kwa sababu hiyo.

Mwaka uliofuata alikuja mratibu mpya, Tim Lester, na Kaleb Johnson akawa mkimbiaji ambaye mji mzima ulimzungumzia. Hadi msimu unakwisha alikuwa na yadi 1,537 za kukimbia na tachidauni 21. Mwanangu naye alikuwa amemaliza miezi mingi bila kulazwa, dawa zikimkubali, na Mzee alitupigia simu kusema kwamba ana tiketi mbili za ziada za mechi ya Washington, tarehe 12 Oktoba 2024.

Tuliingia kwa lango la kusini, penye sanamu ya Nile Kinnick, mchezaji bora wa vyuo vya Marekani wa mwaka 1939, aliyekufa mwaka 1943 katika ajali ya ndege ya mafunzo ya kijeshi akiwa na miaka 24 tu, na ambaye uwanja ulipewa jina lake mwaka 1972. Mwanangu aliigusa kofia ya shaba kama wanavyoigusa wachezaji. Kisha tukapanda ngazi, na sauti ikanipiga kifuani. Mwaka mzima nilikuwa nimeibeba picha ya uwanja ule ikiwa bubu, na sasa ilikuwa kama kumsikia kwa mara ya kwanza mtu uliyemjua kwa barua tu. Miguu ilikuwa ikigonga mabenchi. Bendi ilikuwa ikipiga. Timu ilitoka mlangoni ikiwa imeshikana mikono, taratibu, kama kundi moja lisilotaka kupoteza hata mmoja wake. Na ukuta wa ushambuliaji, zile paketi 5 za maziwa, ulikuwa ukisukuma kwa namna ambayo mwaka uliopita sikuiona hata mara moja. Johnson alikimbia yadi 166. Iowa ilishinda 40 kwa 16.

Robo ya kwanza ilipomalizika tuligeuka pamoja na wengine. Mwanangu alihesabu ghorofa kwa kidole kuanzia chini, akapata ya 12, akaanza kupunga kwa mikono yote miwili. Alipunga hadi watu wote walipokwisha kugeuka na mpira kuanza tena, na hakuna aliyemwambia aketi.

Baada ya mechi tulikwenda maegeshoni, kwenye gari la Mzee, ambako majirani zake wa miaka mingi huchoma nyama na kubishana hadi giza linapoingia. Mjukuu wake alikuwa kwenye mashindano ya kuogelea. Mzee alimpa mwanangu kiti cha kukunja na soseji, akajifuta mikono, akamuuliza mbele ya wanaume wote wale ameuonaje ukuta wa kulia. Mtoto alitafuna kwanza, akameza. Akasema kwamba wa pili kutoka mwisho anachelewa kugeuza miguu, lakini mwenzake wa jirani anamsaidia. Wazee wawili walikataa hapo hapo. Mmoja alivuta viti akavipanga vitano kwa safu, na mwanangu akasimama kwenda kuwaonyesha.